Kukaa Macho Katika Saa Ndefu za Kumvizia Kulungu

Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki katika jimbo la Wisconsin hufunguliwa Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, na huendelea kwa siku 9. Majira hayo jua la Madison, mji mkuu wa jimbo hilo, huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na nusu jioni, na sheria humruhusu mwindaji kufyatua risasi kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi dakika 20 baada ya kuzama. Anayetaka kuitumia siku nzima ana takriban saa 10 za kukaa mahali pamoja, kimya, katika baridi ambayo mara nyingi hugandisha maji, akingojea nafasi ambayo ikija huenda isidumu hata nusu dakika.

Mwongozo huu nawaandikia wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Wisconsin, Minnesota, Michigan na majimbo jirani, ambao wamealikwa msituni na majirani au wafanyakazi wenzao, wakaelekezwa mengi kuhusu bunduki na leseni, lakini hawakuelezwa kuhusu kazi yenyewe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kungoja. Wengi wetu hatukukulia katika shughuli hii. Kenya, kwa mfano, ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kizazi kizima kimelelewa bila kuufahamu ila kwa sura ya ujangili. Hata hivyo, aliyewahi kutumwa utotoni kukaa kwenye dungu la shamba la mpunga kufukuza ndege anayajua mambo mawili ya msingi: kwamba mwili ulioteseka humvunja mtu moyo mapema kuliko kazi yenyewe, na kwamba anayekaa bila kazi ya macho husinzia.

Kwa sababu hiyo sikubali kwamba kuna watu waliozaliwa na subira ya kuvizia na wengine walionyimwa. Subira hii hutengenezwa. Sehemu yake moja hutengenezwa kabla ya siku yenyewe, katika kuchagua mahali, kulala na kuvaa; sehemu nyingine hutengenezwa palepale juu, kwenye dungu la mtini, kwa kuyapa macho na masikio kazi yenye mpango. Ninachukulia kwamba msomaji ameshamaliza masharti ya kisheria: aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye kwa kawaida hulazimika kuhitimu mafunzo ya usalama wa uwindaji kabla ya kununua leseni Wisconsin, na asiye raia anapaswa kuthibitisha kwanza kwamba hadhi yake ya uhamiaji inamruhusu kushika bunduki.

Mahali unapopaamini

Mtu huvumilia mahali anapopaamini. Ukikaa chini ya mti ulioufikia gizani kwa kubahatisha, ikifika saa tatu asubuhi utaanza kujiuliza kama kulungu hawapiti ng'ambo ya kilima, na swali hilo likishaingia kichwani halitoki mpaka umeinuka na kwenda kutazama. Ukiinuka, umeshawatangazia wanyama wote wa bonde hilo kwamba upo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya subira hufanywa wiki kadhaa kabla ya msimu, kwa kuutembelea msitu na kuusoma.

Kulungu wa mkia mweupe huacha alama nyingi. Tafuta njia nyembamba zilizokanyagwa hadi majani yakasagika, hasa mahali njia mbili zinapokutana. Kinyesi kibichi ambacho bado kinang'aa. Miti michanga iliyochunwa gome kwa pembe za madume. Na udongo uliokwanguliwa kwa kwato chini ya tawi lililoning'inia, ambako dume huacha harufu yake majira ya kupandana. Angalia pia chakula. Mialoni iliyoangusha matunda yake na mpaka wa msitu mnene na shamba la mahindi ni mahali ambapo wanyama hawa huja alfajiri na machweo, kwa kuwa nyakati hizo mbili ndizo hutembea zaidi. Ukishaziona alama hizo kwa macho yako mwenyewe, na ukaziandika, utakuwa na sababu ya kubaki mahali pako hata saa sita mchana ambapo hujaona kitu.

Jambo la pili la mahali ni upepo. Pua ya kulungu ndiyo silaha yake kuu, nayo humjulisha kuwapo kwako kabla macho yake hayajakuona. Kaa upande ambao upepo unatoka kwenye njia ya wanyama na kuja kwako. Katika vilima, kumbuka kwamba hewa ya asubuhi ikishapashwa na jua hupanda mteremko, na jioni ikipoa hushuka bondeni, kwa hiyo mahali pazuri asubuhi paweza kuwa pabaya jioni hiyohiyo. Chupa ndogo yenye unga mwepesi mfano wa talki inatosha: ukiibonyeza kidogo, unga unakuonyesha hewa inakokwenda. Ningependa kila anayeanza aandae mahali pawili, kila pamoja na upepo wake. Upepo ukigeuka na kuanza kupeleka harufu yako njiani kwao, kuhama ni uamuzi sahihi, wala usijilaumu kwamba umekosa uvumilivu. Kosa ni kuhama kwa sababu ya kuchoka na kujidanganya kwamba ni upepo.

Mwili usikusaliti

Wanaoshuka mapema, kwa nilivyoona, mara nyingi hushushwa na miguu. Vidole vya miguu vikishaganda, akili haiwazi kulungu tena bali gari lenye hita. Baridi hiyo huanza kwa jasho la njiani. Mtu huvaa nguo zake zote nyumbani, hutembea haraka gizani akiwa na begi zito, hufika amelowa, na ndani ya saa moja jasho limegeuka kuwa maji ya barafu mgongoni. Tembea polepole, ukiwa umevaa nguo chache kiasi cha kuhisi baridi kidogo, na koti zito liwe limefungwa begini. Ulivae ukishafika na mapigo ya moyo yakishatulia. Nguo inayogusa mwili iwe ya sufu au ya nyuzi zisizoshika maji, kwa sababu pamba hulowa, haikauki, na hunyonya joto la mwili. Juu yake vaa sweta nene, kisha koti linalozuia upepo.

Buti lisibane. Soksi ya pili inayoubana mguu ndani ya buti hupunguza mzunguko wa damu na kuleta baridi ileile uliyotaka kuizuia. Beba kipande cha godoro la sponji cha kukalia, na ikiwa dungu lako ni la chuma, tandika kipande cha zulia chini ya nyayo. Zulia hilo hufanya kazi mbili: huzuia chuma kisinyonye joto la miguu, na huzima ule mlio mdogo wa soli ya buti unaosikika mbali sana asubuhi ya baridi isiyo na upepo. Mikononi vaa glavu nyepesi zinazokuwezesha kushika bunduki, na uziweke ndani ya mfuko mnene wenye vifuko vya kupasha joto. Shingo na kichwa vifunikwe vizuri.

Angalau nusu ya vazi lako la nje juu ya kiuno, pamoja na kofia kama umeivaa, lazima iwe na rangi ya chungwa au ya waridi inayong'aa; Wisconsin iliruhusu waridi mwaka 2016. Baadhi ya wageni huogopa kwamba rangi hizo zitamtisha mnyama. Macho ya kulungu huitambua buluu vizuri, lakini machungwa na nyekundu huchanganyika na kijani, kwa hiyo koti lako halimsumbui. Kinachokufichua kwake ni mwendo. Mkono unaopanda haraka kukuna pua ni hatari kwako kuliko rangi yoyote.

Kuhusu usingizi sina maelezo marefu: lala mapema usiku wa kuamkia msimu, hata kama wenzako kambini wanacheza karata. Chai na kahawa husaidia kwa kiasi, ila kunywa kikombe kidogo kidogo, na ubebe chupa ya kukojolea ili usilazimike kushuka. Chakula kiwe cha kutafunwa kimya: chapati zilizokatwa, maandazi, tende, karanga zilizokwisha kumenywa. Vifungue vyote nyumbani na uvifunge kwa kitambaa, kwa maana mfuko wa nailoni uliopigwa na baridi hupasua ukimya wa msitu ukiugusa tu.

Baridi ina hatari nyingine inayohusu umakini moja kwa moja. Joto la mwili likishuka, fikra hupungua kabla mwenyewe hajatambua. Jipime kila baada ya muda kwa kugusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule. Ukishindwa, au ukianza kutetemeka bila kuweza kujizuia, siku yako ya kuvizia imekwisha. Shuka, tembea, pasha mwili joto.

Kabla hujakaa

Wawindaji wengi wa kaskazini hukaa juu ya miti, kwenye dungu lililofungwa kwenye shina. Vaa mikanda ya usalama inayoshika mwili mzima, ujiunge na kamba ya usalama ukiwa bado chini, na usijifungue hadi nyayo zako zimekanyaga ardhi tena. Unapopanda, viungo vitatu kati ya mikono na miguu viwe vimeshika ngazi wakati wote. Bunduki hupandishwa kwa kamba baada ya wewe kukaa na kujifunga, ikiwa haina risasi na mdomo wake ukielekea chini. Risasi huingizwa baadaye, saa halali za kuwinda zikishafika. Mwachie mtu wa nyumbani ramani ya mahali ulipo na saa utakayorudi. Haya yote yanahusu subira pia, kwa kuwa mtu aliyefungwa vizuri, anayejua kwamba akisinzia hataanguka, hutulia kwa namna ambayo aliyejishikilia kwa mkono hawezi.

Kazi ya macho na masikio

Fika mapema kiasi cha kukaa angalau nusu saa kabla ya saa halali kuanza. Macho ya binadamu huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mwanga mmoja wa simu huyarudisha mwanzo. Tumia tochi ya mwanga mwekundu njiani, na ukishakaa izime. Katika giza hilo la mwisho, usikikodolee macho kitu unachokitilia shaka. Tazama pembeni yake kidogo, kwa sababu sehemu ya jicho inayoona gizani haiko katikati.

Sasa nije kwenye umakini wenyewe, maana hapa ndipo siku hupotea. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Norman Mackworth alichapisha majaribio yaliyochochewa na tatizo la waangalizi wa rada wa jeshi la anga la Uingereza, waliokuwa wakikosa kuona alama kwenye vioo vyao baada ya kukaa zamu ndefu. Aliwaketisha watu mbele ya mshale uliokuwa ukiruka hatua moja moja kwenye uso wa saa, na mara chache sana ukiruka hatua mbili. Kazi yao kwa saa 2 ilikuwa kuitambua hatua hiyo maradufu. Uwezo wao ulishuka waziwazi baada ya nusu saa ya kwanza. Waliopewa nusu saa ya kazi na nusu saa ya kupumzika kwa zamu hawakushuka hivyo. Mviziaji yuko katika hali hiyohiyo: anangoja ishara ndogo, adimu, isiyotoa taarifa. Kwa hiyo usijidai kwamba utakodoa macho saa 10 mfululizo. Panga zamu zako mwenyewe.

Mpango ninaoupendekeza huanza kwa kugawanya eneo lako katika duara tatu: la karibu, kama hatua 30, la kati, na la mbali, hadi mwisho wa upeo wa macho. Anza na la karibu. Mara nyingi mtu huhangaika kutazama mbali wakati mnyama ameshasimama chini ya mti wa jirani, na akigeuza kichwa ghafla, humkimbiza. Pitisha macho polepole kutoka kushoto kwenda kulia katika duara hilo, kisha rudia katika la kati, kisha la mbali. Macho yatangulie na kichwa kifuate, tena kwa mwendo ambao anayekutazama asingeuona. Ukimaliza, shusha macho, legeza uso, na kwa dakika chache usikilize tu. Kisha rudi kwenye macho. Kubadilishana huku kati ya kuona na kusikia ndiko mapumziko yako, kwa kuwa kiungo kimoja hupumzika wakati kingine kikilinda.

Usimtafute kulungu mzima. Huyo utamwona mara chache. Msitu wa Novemba umejaa mistari ya wima, yaani mashina yasiyo na majani, kwa hiyo tafuta mstari wa ulalo ulio kwenye urefu wa kiuno cha mtu: huo unaweza kuwa mgongo. Tafuta weupe wa koo, weusi wa pua yenye unyevu, ncha ya sikio inayocheza mara moja na kutulia. Tazama ndani ya kichaka na kupita kichaka, usiishie kwenye matawi ya mbele. Kitu kilichokuwa hakipo ulipopitisha macho mara ya mwisho ndicho cha kuangaliwa kwa darubini, na ndiyo maana inafaa kukariri visiki na mawe ya eneo lako asubuhi mapema. Baada ya mizunguko michache utayajua yote, na kipya kitakushtua chenyewe.

Masikio yana elimu yao. Kindi hupekua majani makavu kwa pupa, hukimbia kidogo, husimama, huanza tena, na kelele yake ni kubwa kuliko umbo lake. Kulungu hutembea kwa hatua zenye uzito, moja, mbili, tatu, kisha kimya kirefu cha kusikiliza, kisha hatua nyingine mbili. Kimya hicho ndicho kinachomtofautisha. Ndege wakianza kupiga kelele ghafla upande mmoja, au kindi akianza kufoka mtini, kuna kitu kinachopita chini yao, ingawa huenda kikawa mbweha au mwindaji mwenzako.

Neno mwenzako lichukuliwe kwa uzito wote. Akili iliyongoja kwa saa nyingi huanza kuona kile inachokitamani: kisiki huota masikio, na tawi huwa pembe. Katika hali hiyo, mtu anayetembea kichakani katika mwanga hafifu yuko hatarini kwa sababu ya uchovu wako. Weka kanuni isiyovunjwa. Kila kitu kitambuliwe kwa darubini ya mkononi, kamwe kisitambuliwe kwa darubini ya bunduki, kwa sababu kuelekeza darubini ya bunduki ni kuelekeza bunduki. Kabla ya kugusa kizuizi cha usalama, yaani kile kinachozuia bunduki isifyatuke, jitajie kimoyomoyo unachokiona: kichwa hiki hapa, shingo, miguu, bega, na nyuma yake kuna mlima, si nyumba wala barabara. Ukishindwa kutaja hata kimoja, bado unatazama tu. Kukaa macho kuna faida ya kumpata mnyama, lakini kwangu faida yake kubwa ni kuzuia risasi isiyostahili kutoka.

Saa za mchana

Kuanzia saa nne hadi saa nane ndipo msitu hulala na watu hushuka. Sababu za kubaki ni mbili. Majira ya kupandana huko kaskazini hufikia kilele karibu na katikati ya Novemba, na madume yanayoendelea kutafuta majike hutembea saa yoyote. Tena wawindaji wengine wanapoondoka kwenda kula, huwasukuma wanyama waliokuwa wamelala, na baadhi yao hupita kwako.

Saa hizi nilegeze masharti. Fanya mazoezi yasiyoonekana: kaza misuli ya mapaja kwa sekunde 10 na uilegeze, kisha mabega, kisha kunja na kunjua vidole vya miguu ndani ya buti. Kila baada ya saa moja hivi, ukishahakikisha duara zote tatu ni tupu, simama taratibu ukiegemea shina, ubaki umesimama kwa dakika chache, kisha ukae tena. Weka daftari dogo na penseli, kwa kuwa kalamu ya wino huganda, na uandike saa, upepo, na kila ulichokiona pamoja na upande kilikotoka na kilikoelekea. Daftari hilo huyapa macho sababu ya kufanya kazi, na mwaka unaofuata litakuwa na thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote. Muislamu apange mapema namna ya kusali adhuhuri na alasiri, kwani Novemba alasiri huingia mapema. Wapo wanaovuta tasbihi ndani ya mfuko wa koti, na Wakristo wanaokariri zaburi moyoni, na hayo yote hayana sauti wala mwendo. Simu iwe begini kwa ajili ya dharura. Anayeitazama hupotea humo kwa robo saa bila kujua, na kulungu huhitaji muda mchache kuliko huo kuvuka uwazi.

Usingizi ukikuzidi, usipambane nao juu ya mti. Toa risasi, shusha bunduki kwa kamba, shuka, uegemee shina na ulale dakika 20. Rudi juu kabla ya saa nane na nusu, kwa sababu saa mbili za mwisho wa siku hufanana kwa thamani na zile za alfajiri, na inafaa zikukute ukiwa umetulia.

Akitokea

Moyo utadunda hadi masikioni, hata kwa waliozoea. Vuta pumzi kwa pua, iachie polepole kuliko ulivyoivuta, rudia mara kadhaa, mikono itatulia. Usiinue bunduki akiwa amekutazama. Ngoja kichwa chake kipite nyuma ya shina au kiiname kula. Akishuku kitu atapiga kwato chini, au atainamisha kichwa kana kwamba anakula kisha akiinue ghafla ili akukamate ukisogea. Kaa kama ulivyo, hata kama mkono umebaki hewani na unauma. Asipoona mwendo mwingine, mara nyingi hutikisa mkia na kuendelea na safari yake.

Ngoja asimame ubavu, ulenge kifuani nyuma kidogo ya bega, na kama nafasi hiyo haiji, mwache apite. Muislamu hutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua, kwa kunong'ona tu.

Baada ya risasi

Kungoja kugumu kuliko kote huanza hapa. Kulungu aliyepigwa vizuri moyoni au mapafuni bado anaweza kukimbia hatua nyingi kabla ya kuanguka, na anayemfuata papo hapo humpa nguvu ya kukimbia mbali zaidi. Ingiza risasi nyingine, washa kizuizi cha usalama, na ukae. Kariri mti aliokuwa amesimama kando yake, na mti wa mwisho uliomwona akiupita, kwa sababu ukishuka chini msitu utaonekana mwingine kabisa. Sikiliza mshindo wa kuanguka. Tazama saa, kwa maana dakika 5 za wakati huo hudai kuwa 30, na usishuke kabla ya nusu saa kamili kupita, isipokuwa umemwona ameanguka na hatikisiki.

Ukifika aliposimama, soma damu kabla ya kuifuata. Nyekundu angavu yenye povu hutoka mapafuni, nayo haitakupeleka mbali. Ikichanganyika na uchafu wa kijani au kahawia wenye harufu ya tumbo, rudi nyuma kimyakimya na ungoje saa kadhaa, hata kama usiku unaingia na utahitaji mwenzako na taa. Ni jukumu lako kumtafuta hadi mwisho.

Ukishampata, Wisconsin hutaka mnyama aandikishwe kwa mtandao au kwa simu kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata. Peleka pia sampuli ikapimwe ule ugonjwa wa kudhoofika unaoshambulia ubongo wa kulungu, ambao uligunduliwa katika jimbo hilo mwaka 2002 na hauna tiba. Kupima si lazima katika maeneo mengi, lakini wataalamu wa afya hushauri nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe. Nyama yako ikate, iandike tarehe, iweke kwenye friza, na usiipike hadi majibu yatoke.